Bukta Yenye Sponji

Baba Nyangeta wangu,

Sisi tupo. Nyangeta anakwenda shule, ana ubishi wako wote na hataki kushindwa hata na redio. Mvua zimenyesha vizuri hapa Kigera, Musoma, na bati la jikoni bado linavuja pale pale ulipokuwa unasema utapanda kesho kulitazama. Watu wakiniuliza hali nawajibu kwamba naendelea. Wewe nitakuambia ukweli: nina uchungu mwingi, na mara nyingi unanikuta nikiwa nafua.

Nakuandikia habari ya bukta zako za baiskeli. Najua ungecheka. Mwanamke amefiwa na mume, ana mambo ya kusema ya kujaza gunia, anaanza na bukta! Lakini siku ya kuanua matanga, ndugu zako walipokaa kugawana nguo zako, ni hizo bukta zilizosimamisha kikao, na mimi ndiye niliyeulizwa swali la kuamua kama zigawiwe au zichomwe. Hujui nilijibu nini, na sipendi kitu kikubwa kama hicho kikupite.

Unakumbuka zilivyoingia nyumbani? Ulikuwa umeanza kubeba dagaa kwa baiskeli kutoka mwaloni kule ziwani kwenda Butiama, na siku ukipata nguvu unafika mpaka Nyamuswa. Ulikuwa unarudi jioni umekaa upande mmoja wa kiti, ukila ugali kwa kuinama. Mimi nachemsha maji ya chumvi, wewe unajikanda chumbani huku unagugumia kama mtoto. Nikakuambia ununue pikipiki kama wanaume wenzako.

"Pikipiki inakulaga faida yote kwa mafuta," ulinijibu. "Baiskeli inakula ugali wangu tu."

"Inakula na makalio yako," nikasema.

Ulicheka, ukahamia upande mwingine wa kiti.

Halafu ukaenda Bunda kumsalimia dada yako Wakuru kule Kabasa. Ulipita kwenye mtumba, ukarudi na kitu cheusi kwenye mfuko, ukakitandaza kitandani kama mtu aliyeleta kitenge. Nilikishika. Kinavutika, kina miguu mifupi, na ndani katikati kimeshonewa sponji nene. Nikakuuliza ni nani amejifungua. Ulikasirika kidogo. Ulisema ni bukta ya baiskeli, na kwamba wanaokimbia mashindano hawakanyagi pedali bila hiyo.

Ile ya kwanza ilikutesa kuliko kukusaidia. Uliipimia sokoni juu ya suruali, umesimama wima, ukaona imekutosha. Kumbe ukikaa kwenye siti inalegea, na kila ukikanyaga sponji inatembea kwenda huku na kule na kukusugua. Na wewe, kwa heshima zako, ulikuwa unavaa chupi ndani yake. Ulirudi kutoka Butiama unatembea kwa miguu, umeiburuta baiskeli kutoka njia panda. Nilipokutazama yale mapaja nilitaka kulia na nilitaka kukupiga. Pindo la chupi lilikuwa limekuchora kidonda kirefu.

Ulirudi kwa yule muuza mtumba kugombana naye. Ukaja nyumbani ukanivuta chumbani. Uliponieleza ulishusha sauti, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu.

"Eti hakuna kuvaa kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Chochote. Ndiyo maana wanaiwekaga sponji. Inakaa kwenye ngozi yenyewe."

Nilikuuliza kama Paroko analijua hilo. Tulicheka mpaka Nyangeta akagonga ukuta kutoka chumba cha pili, akitaka kujua kuna nini. Sikumwambia. Hilo lilikuwa letu, na mambo ya namna hiyo, yanayojulikana na mke na mume tu, hayakuwa mengi kwenye nyumba ile yenye kuta nyembamba.

Bukta ya pili tuliichagua pamoja. Ulinipeleka Bunda kwa makusudi, nami nikavaa vizuri kama naenda harusini. Ukaniambia nikusaidie macho. Nilikuwa naziinua juani moja moja, maana za mtumba huwa zimeshavaliwa na watu wa mbali, na ukiona mwanga unapita kwenye makalio ujue kitambaa kimekwisha, wa nyuma yako barabarani ataona kila kitu. Tulibonyeza sponji kwa vidole. Ile laini sana inayozama kama mkate tuliiacha, tukatafuta iliyokaza kidogo na inayorudi. Tuligeuza ndani nje kuangalia mshono. Kama umepita katikati kabisa, pale unapokalia, hiyo hata ya bure usichukue. Na safari hii ulivaa chumbani kwa dada yako, ukaja kuinama kwenye benchi lake la uani, mikono mbele, kama uko kwenye kilima.

Wifi Wakuru alikuwa anachambua mchele. Akainua macho, akakuona.

"Huyu mdogo wangu anaumwa nini?" akaniuliza.

"Anapima nguo, wifi."

"Nguo inapimwagwa hivyo? Mungu atusaidie."

Ilikubana, ukalalamika kwamba imebana. Nikakuambia hiyo ndiyo yenyewe, maana iliyolegea uliiona ilichokufanya. Miguuni ilishika bila kukata. Ulikanyaga kutoka Bunda mpaka Musoma, mimi nikatangulia na gari, na ulipofika ulikaa kwenye kiti makalio yote mawili. Nilikuangalia ukila nikafurahi kupita kiasi. Sikujua kwamba furaha yenyewe inaweza kuwa ndogo namna hiyo na ikatosha.

Ukaniwekea sheria. Mtu mpole wewe, lakini kwa bukta ulikuwa dikteta. Isikae na jasho, ifuliwe ukishaivua tu, kwa sababu jasho likilala kwenye sponji linazaa majipu. Igeuzwe ndani nje. Maji baridi, sabuni ya mche, kwa mkono, hakuna brashi. Hakuna kuikamua kama tambara la deki, unaikunja ndani ya taulo na kuikandamiza. Usiipige pasi, usiitie dawa ya kulainisha, usiianike kwenye jua kali likaua ule mpira. Kivulini, penye upepo, sponji ikiwa nje. Nilikuwa nakujibu, "Ndiyo, mheshimiwa." Jioni ulikuwa unaoga, unanyoosha mkono juu ya mlango wa bafu, naipokea, naanza kazi hata kabla sijakuuliza umeuza nini.

Na ni ile sponji kuwa nje iliyotuletea wageni. Jirani yetu Mama Rhobi aliiona kwenye kamba. Aliipita, akarudi, akaiangalia tena. Jumapili baada ya misa tukaona akina mama wa jumuiya wanaingia uani wamejifunga vitenge vyao vya sare, wamebeba chupa ya uji wa ulezi na Biblia, nyuso zimewashuka. Wewe ulikuwa umechuchumaa unaziba pancha.

"Baba Nyangeta, pole sana," akasema kiongozi wao. "Tumesikia haujiwezi. Hata wewe usione aibu, ugonjwa hauchaguagi mtu."

"Ugonjwa gani?"

Akina mama wakaangaliana. Mama Rhobi akatazama kamba. "Si ile pampasi," akasema kwa huruma. "Ya watu wazima. Tumeiona. Inaanikwaga kila siku."

Nilikimbilia jikoni nikajifungia. Nilikusikia unawaeleza kwa utaratibu, habari ya siti na mshono na mapaja, kama mwalimu wa darasa la kwanza, na ulipofika kwenye lile la kutovaa kitu ndani ukakwama, ukasema tu kwamba ina masharti yake. Wao wakasali hivyo hivyo kwa kuwa walishakuja, na uji ukanywewa. Tangu siku hiyo ulikuwa unasalimiwa njiani, "Vipi mgonjwa?" na wewe unaitikia kwa kupiga kengele.

Nisingependa kuandika yanayofuata. Ningeweza ningeishia hapo, akina mama wanatoka na chupa yao tupu.

Ulianza kuamka amka usiku. Ukasema ni maji mengi uliyokunywa. Ukasema ni siti. Ukanunua kifuniko cha siti, ukainua siti, ukaishusha. Mimi nikawa naikagua bukta, nikadhani sponji imechoka, nikaenda mpaka Bunda kukutafutia nyingine na sikuipata nzuri. Siku ile uligeuza baiskeli ukiwa hata hujafika Butiama, ukarudi na dagaa zote kwenye tenga, uso umekuwa wa majivu. Uliniambia mkojo umetoka na damu. Hukuingia bafuni hata kuoga. Uliivua bukta chumbani, ukalala, na mimi, kwa sababu ya sheria, nikaichukua nikaifua.

Hospitali wakasema saratani ya tezi dume, na kwamba imeshatembea. Niliuliza imetembea kwenda wapi, kama vile ingekuwa mtu ningeweza kumfuata nikamrudisha. Ulikaa na mpira wa mkojo, halafu ukaja ule wakati wa pampasi zenyewe. Siku ya kwanza nilipokuvalisha uligeuza uso ukutani. Nilidhani unalia. Ukasema, "Mwite Mama Rhobi. Mwambie ameshinda." Nilicheka kwa ajili yako, Baba Nyangeta. Nilitoka nje na beseni nikalia mpaka nikashika ukuta.

Wale akina mama walikuja tena na uji na Biblia. Safari hii hakuna aliyewasahihisha. Mama Rhobi alikuwa anakaa miguuni pako, anakukanda nyayo, na hakuwahi tena kutaja kamba.

Tulikuzika kwenu, pembeni ya Butiama, karibu na mama yako. Watu walijaa. Wateja wako wa dagaa kutoka Nyamuswa walikuja kwa bodaboda. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikanyolewa, nikapewa maji, nikaambiwa kaa, nikakaa. Sikumbuki sana.

Siku ya kuanua matanga ninaikumbuka. Unajua desturi ya kwenu kuliko mimi. Nguo za nje wanagawana ndugu na wapwa, nguo za ndani zinachomwa, na mjane hachagui kitu. Anakaa, anatazama. Walitoa mashati yako kwenye sanduku moja moja. Koti la harusi yetu akapewa mpwa wako. Viatu wakapimana. Baiskeli wazee waliiacha kwa Nyangeta, wakisema ndiyo chakula cha mtoto, nikawashukuru moyoni. Nilijisemea, nipate kitu kimoja tu kilichogusa ngozi yake. Kimoja. Lakini mashati yalikuwa yanaondoka na kila shati lilipoondoka nilihisi unazikwa tena.

Mkono wa shemeji Wambura, mdogo wako, ukazitoa bukta. Ile ya kwanza iliyolegea na ile nzuri tuliyochagua pamoja. 

"Hizo ni za ndani," akasema mmoja. "Pelekeni motoni."

"Hapana," akasema Wambura. "Hii ni bukta, siyo chupi. Nilikuwa namwonaga nayo barabarani mchana kweupe. Na mimi nashindaga kwenye pikipiki kutwa nzima, mgongo na huku nyuma vimekwisha. Ingenisaidia."

Hakusema kwa tamaa. Alikuwa anakulilia hata wakati anaishika, alikuwa anaifinya finya ile sponji. Wengine wakadakia kwamba ukikaribia vijijini ulikuwa unasimama kichakani kuvuta suruali juu yake, kwa hiyo ni ya ndani. Wengine wakasema mchezaji mpira je, bukta yake nayo ichomwe? Walibishana kama wako mahakamani. Baba yenu mdogo akainua fimbo, wakanyamaza, naye akanigeukia.

"Mama Nyangeta. Wewe ndiye unajua. Marehemu alikuwa anavaa nini ndani ya hii?"

Macho yote yalikuwa kwangu. Nikisema ulivaa chupi, basi ni nguo ya nje, na Wambura angeondoka nayo, na mimi ningeishi Musoma nikikutana na mapaja yako stendi, na sokoni, yamekaa juu ya pikipiki na mtu mwingine ndani yake. Nikisema ukweli, inaungua. Pande zote mbili naikosa. Na lile jibu, Baba Nyangeta, lilikuwa letu. Tulilicheka mpaka tukamwamsha mtoto. Sasa nalitoa mbele ya wakwe.

"Hakuvaa kitu, baba," nikasema. "Ndivyo inavyovaliwa."

 Halafu mabega ya wifi Wakuru yakaanza kutikisika. Mwingine akaguna ndani ya kanga, na kicheko kikazunguka uani, mpaka katekista akatazama juu. Hata Wambura alicheka, akajifuta pua. Walikuwa hawajacheka tangu tukulaze. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na niliumia kwamba hukuwepo.

"Basi ni ya ndani," akasema baba mdogo. "Ichomwe."

Wambura alinyoosha mkono kuzipeleka. Dada yako akasimama mbele yake.

"Nguo za ndani za mwanaume zishikwe na mdogo wake kwa nini? Ana mke. Atazipeleka mwenyewe."

Akanishika kiwiko, tukazunguka nyuma ya nyumba, kupita mihogo, mpaka kwenye moto wa magunzi uliokuwa unafuka. Alinipa fungu lote. Akanitazama machoni, mwanamke yule mkali aliyekuwa ananitisha tangu nilipoolewa.

"Mimi naangalia ng'ombe kule," akasema. "Wewe fanya."

Akanigeuzia mgongo, akavuta kanga kichwani. Na ng'ombe, kwa taarifa yako, walikuwa hawajarudi kutoka malishoni.

Niliweka chupi na fulana. Niliweka ile bukta ya kwanza. Haiungui kama pamba, inajikunja, inadondoka matone, inatoa moshi mweusi. Ile tuliyochagua pamoja nikaikumbatia. Niliigeuza ndani nje, nikaifunika usoni, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nilikutafuta. Nilitafuta hata kidogo, kwenye mshono, kwenye pindo la mguu, popote ulipokuwa umekaa miaka yote ile.

Sabuni tu, Baba Nyangeta. Nilikuwa nimekufua ukaisha. Siku ile ya damu, ulipokuwa umelala chumbani, nilikuwa uani na beseni, najisifu moyoni kwamba hata leo sijaiacha na jasho. Kama ningekuwa mvivu siku moja, siku moja tu, ningekuwa na wewe mikononi pale kwenye moto. Hakuna aliyenifundisha kwamba mke anaweza kutunza nguo kupita kiasi.

Niliiingiza ndani ya kitenge, nikafunga fundo. Wifi hakugeuka mpaka nilipokohoa.

"Zimeisha?"

"Zimeisha, wifi."

Alinishika mkono tukarudi kwa watu.

Sasa nikupe ya leo. Ada ya Nyangeta haingoji uchungu wangu upoe, na wateja wako wa Nyamuswa walituma salamu kuuliza kama nyumba ile bado inatoa dagaa. Nimeanza. Nimefunga tenga kwenye keria, nimeshusha siti yako. Safari mbili za kwanza niliona cha moto, nikakumbuka maji ya chumvi na kiti cha upande mmoja. Asubuhi hii niliitoa bukta chini ya godoro nikaivaa, na gauni pana juu yake. Ni ya kiume, sponji imejaa mahali ambapo mimi sina haja napo. Imenibana mapaja vibaya sana. Ndani sikuvaa kitu.

Nilifika. Kilima kabla ya Butiama nilishuka nikakokota, wewe ulikuwa hushuki. Wazee waliniamkia kwa jina lako. Mama mmoja pale Nyamuswa alinishika mkono muda mrefu, halafu akanunua, halafu akalia. Nilirudi kwa upepo wa mbele njia nzima, nikikutukana na kukuita, na watu wa bodaboda walinipisha.

Jioni nikaivua bafuni. Kabla sijaitia majini nikaileta usoni, sijui kwa nini, mazoea ya kukutafuta. Ilinuka. Ilinuka vumbi na dagaa na jasho la mtu aliyetoka Nyamuswa kwa baiskeli. Nikafumba macho. Umerudi, umechoka, uko upande wa pili wa mlango, utauliza ugali uko wapi. Nilisimama hivyo mpaka maji ya kuoga yakapoa, na nilijua muda wote kwamba jasho lile ni langu. Kisha nikaigeuza ndani nje nikaifua, kwa mkono, bila kukamua.

Pumzika, baba. Nimeianika kivulini, na kesho natoka mapema.

Mkeo,
Mama Nyangeta